Siku Saba za Kujifunza Baiskeli

Nilichaguliwa kuingia kwenye timu kwa sababu ya ng'ombe dume.

Nilikuwa askari magereza mjini Jinja, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Ijumaa moja katikati ya miaka ya tisini, dume mmoja wa shamba la gereza alikata kamba akashika njia ya Mpumudde. Wenzangu walipiga filimbi. Mimi nilivua viatu nikamfuata. Tulipita shule alikofundisha mume wangu, watoto wakiwa mapumzikoni wakatushangilia sote wawili bila kubagua. Tukapita maduka, na mwishowe nikamkuta amesimama nyuma ya kibanda cha kinyozi, anahema kama mimi. Nikashika kipande cha kamba kilichobaki shingoni mwake, nikamrudisha taratibu.

Langoni alikuwa amesimama sajini wetu. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mkavu, aliyepitia jeshini kabla ya kuja magereza, na maneno aliyatoa kwa uchache. Alimtazama dume, kisha akaitazama miguu yangu.

"Wewe mama, unakimbia muzuri," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna, afande. Kwetu ni Mbale, mlimani."

Basi akanieleza. Jumamosi ya wiki iliyofuata kulikuwa na mashindano Mbale, ya timu za watu watatu, na kila timu ilitakiwa kuwa na angalau mwanamke mmoja. Watu wote watatu wangeendesha baiskeli, wangekimbia, kisha wangeingia porini na ramani na dira kutafuta vigingi vilivyofichwa. Kila kigingi kimefungiwa mhuri, unagonga kadi yako, unakwenda kingine. Yeye alikuwa na mtu wa pili tayari. Alikuwa anatafuta wa tatu.

"Baiskeli unaweza?"

"Ndiyo, afande," nikasema.

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni mazoea tu. Miaka sita kazini, sikuwahi kumjibu sajini kitu kingine, na mdomo ulifika kabla yangu. Ukweli ni kwamba sikuwahi kukalia baiskeli maishani mwangu, isipokuwa nyuma kwenye mto wa boda boda, miguu upande mmoja, nimemshika dereva shati.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa zamu kutwa. Jumapili asubuhi, baada ya ibada ya kwanza, tulikutana kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Siku hizo ng'ombe walikuwa wengi pale kuliko ndege, na majani ya kando ya njia yalifika magotini. Mtu wa pili wa timu alikuwa ametangulia. Alikuwa Singasinga wa makamo, mnene kidogo, mwenye karakana ya baiskeli na pikipiki karibu na soko. Mji mzima ulimwita fundi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alipokuwa kijana familia yake ilifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, wakaishi Kisumu, na sasa alikuwa amerudi na kufungua tena mlango wa duka la baba yake. Kila alfajiri aliendesha baiskeli barabara ya Buwenge, na kilemba cha rangi ya chungwa alichokivaa kwa safari hizo tu.

Alikuwa ameniletea baiskeli ya kike, ya kijani, isiyo na bomba la katikati. Mwenyewe alikuwa mtawa aliyehamishwa akaiacha karakanani.

"Panda," sajini akasema.

Nikaishika mikono miwili, nikaizunguka upande huu, nikaizunguka upande ule. Ng'ombe walikuwa wanatutazama.

"Afande, sijui."

"Jana juzi ulisema ndiyo."

"Ndiyo, afande."

Fundi aliketi chini kwenye majani akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Sajini hakucheka. Aligeuka akaangalia ziwa kwa muda mrefu, mikono nyuma kama yuko gwarideni. Nilijua kichwani mwake anatafuta mtu wa kuchukua nafasi yangu, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha akageuka.

"Tuko na siku sita," akasema. "Fundi, fanya kazi yako."

Fundi alitoa spana mfukoni, akafungua pedali zote mbili, akaziweka pembeni. Akateremsha kiti mpaka nyayo zangu zikagusa chini zote. "Dada," akaniambia, "leo huendeshi. Leo unatembea umeketi. Sukuma kwa miguu kama mtoto, halafu inua miguu uone itakwenda wapi."

Basi nilisukuma. Askari mzima, nimevaa suruali ya mazoezi ya mume wangu iliyokunjwa mara tatu, nilitembea nimeketi kutoka mwisho mmoja wa kiwanja hadi mwingine. Nikianguka naamka. Sajini alitembea kando yangu bila kunishika, na kila nikianguka alisema neno moja tu: "Tena." Kufikia saa sita nilikuwa naweza kuinua miguu na kuhesabu hadi nane kabla ya kuyumba. Magoti yalikuwa yamechubuka, kiganja kimechanika. Jioni mume wangu alinisafisha kwa maji ya chumvi, amenikalisha kwenye kiti cha watoto.

"Magoti ya wanafunzi wangu wa darasa la pili ni mazuri kuliko haya," akasema.

"Nimwambie afande nimeshindwa?"

Alipuliza kidonda. "Ukimwambia, nani atanisimulia habari kama hizi jioni?"

Jumatatu nilirudi kabla ya zamu. Jumanne fundi alirudisha pedali. Aliniambia niinue miguu kama kawaida, na nikishajiona niko sawa, niiweke juu ya pedali bila haraka, kama mtu anayevaa kandambili gizani. Niliweka wa kulia. Nikaweka wa kushoto. Nikakanyaga, na baiskeli ikaenda.

Mnyororo ulikuwa unatoa sauti ndogo ya kung'ata, upepo wa ziwa uliingia ndani ya blauzi, na majani ya pembeni yakawa mstari mmoja. Nilisikia mtu anacheka kwa sauti, na ilichukua muda kutambua ni mimi. Nikaona mwisho wa kiwanja unakuja, nikakumbuka hakuna aliyenifundisha kusimama. Nyuma yangu fundi alikuwa anaita, "Breki, dada, breki za mkononi," lakini mikono ilikuwa imeshika kila kitu isipokuwa breki. Niliingia kwenye majani marefu, ng'ombe watatu wakanipisha, nikalala chali nikitazama mawingu. Sajini alifika akinikimbilia. Niliposimama na kujipangusa, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka sita: meno yake.

Lazima niseme kitu kuhusu lugha. Nyumbani kwetu tulizungumza Lumasaba, na mume wangu na majirani zetu Lusoga. Kiswahili kwa watu wa umri wangu kilikuwa lugha ya wanajeshi wa vizuizi vya barabarani. Kilimaanisha shuka, fungua mzigo, toa kitambulisho. Marehemu baba yangu alikuwa akikisikia anapunguza sauti ya redio. Mimi nilikitumia kazini kwa kuamuru na kwa kuamriwa, basi. Lakini sajini Mwacholi, fundi Singasinga na mimi Mgisu hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja, na fundi alikuwa na Kiswahili cha Kisumu, laini, chenye mizaha ndani yake. Alinifundisha kuanguka kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza nikacheka kwa lugha hiyo. Wiki hiyo nilimsikia binti yangu akimwambia mdogo wake "tena" kwa sauti ya sajini, na hakuna aliyepunguza redio.

Jumatano ilikuwa zamu ya ramani. Tulikwenda kwenye shamba la mikaratusi nyuma ya gereza, na sajini alikuja amebeba beseni na ndoo ya maji. Nilidhani atafua. Alichota udongo wa mfinyanzi, akajenga kilima ndani ya beseni, chenye upande mmoja mkali na upande mwingine mpole. Akamimina maji kidogo, akachora kwa kijiti mstari pale maji yalipogusa udongo. Akamimina tena, akachora tena, hadi kilima kikajaa pete.

"Simama juu uangalie chini," akaniambia.

Niliinama juu ya beseni, na pale pale nikaelewa. Mistari yote ya kahawia kwenye ramani, ambayo tangu shuleni niliiona kama mchezo wa panya, ilikuwa maji yaliyopanda na kusimama. Upande mkali pete zilibanana. Upande mpole ziliachana.

"Zikikaribiana hivi," sajini akasema, "pale utapanda na mikono. Wakati huo mwite Mungu."

Alikuwa mwalimu kweli, yule mtu. Alitoa dira yake kutoka ndani ya soksi safi, akanionyesha jinsi ya kuilaza kwenye ramani, kuzungusha kisahani, kisha kuzunguka mimi mwenyewe hadi sindano itulie mahali pake. Alifunga vitambaa vyekundu kwenye miti kumi, na mimi na fundi tukavitafuta. Fundi aliona karibu tu bila miwani, hivyo yeye alishika ramani na mimi nikashika dira. Tulipata vitambaa tisa. Cha kumi tulikikuta shingoni mwa mbuzi.

Alhamisi sajini alitaka tufanye vyote pamoja, kwa hiyo tuliendesha barabara ya Buwenge hadi kwenye mashamba ya miwa, tukaacha baiskeli kwa mwanamke anayeuza mihogo, tukaingia ndani. Ramani ilionyesha njia tatu, kijito na daraja. Ilikuwa ramani ya wakati wa Waingereza. Njia mbili zilikuwa zimelimwa, kijito kilikuwa kimehamia kwingine, na miwa ilikuwa mirefu kuliko sajini. Baada ya saa nzima nilianza kuona nyayo zangu mwenyewe mbele yangu. Fundi naye aliziona. Tukatazamana. Sajini alitembea mbele, shingo imenyooka, akitazama dira kana kwamba dira ndiyo iliyokosea.

"Afande," fundi akasema kwa upole, "hapa tumepita."

"Hatujapita."

"Kuna ganda la chungwa nililotupa mimi."

Sajini aliokota ganda, akaligeuza, akaliweka mfukoni. "Basi tumepita," akasema.

Hatimaye tulisikia sauti za watu na kengele za baiskeli, tukazifuata, tukatokea upande wa pili kabisa, ndani ya soko la Buwenge, siku ya gulio, katikati ya mafungu ya nyanya. Tulikuwa tumejaa majani vichwani na usoni tumechanwa na miwa. Mama mmoja muuza samaki alimwona sajini anatoka kwenye miwa akanyanyua mikono juu, kwa sababu mtu mrefu mwenye mwendo wa kijeshi akitokea porini, katika nchi yetu ya wakati ule, mtu hakuuliza maswali. Sajini alivua kofia. Akamsalimia kwa Lusoga mbovu sana, pole pole, neno kwa neno. Mama aliteremsha mikono, akamsahihisha, kisha akamuuzia sangara wa kukaanga.

Tulirudi kwa miguu kuchukua baiskeli kwa yule mama wa mihogo, na siku ile niliendesha kutoka huko hadi Jinja. Mara mbili malori yalinipita nikafumba jicho moja, lakini sikuanguka. Kwenye miteremko fundi aliimba nyimbo za kwao na sajini akamjibu kwa mluzi. Mimi nilikuwa katikati yao, na nilitamani barabara iongezwe.

Ijumaa tulipakia baiskeli kwenye pikapu ya fundi tukaelekea Mbale, kupitia Iganga. Mume wangu alibaki na watoto. Alikuwa amenishonea suruali yangu mwenyewe kutoka kwenye pazia la bluu, kwa mkono, mishono ya mwalimu, mikubwa na iliyonyooka.

Asubuhi ya mashindano mlima ulikuwa wazi hadi juu, na maporomoko madogo yaling'aa kama nyuzi. Timu zilikuwa kumi na nne. Kulikuwa na polisi, walimu, vijana wa viwanda vya mtaa wa Industrial waliovaa fulana za aina moja, na Wazungu watatu wa mradi fulani wenye baiskeli zenye gia nyingi. Fundi alizikagua gia zile kwa heshima, kama mtu anayetazama farasi wa mwenzake.

Kwenye baiskeli tulikuwa wa kumi na moja. Kwenye kukimbia tulipanda hadi wa nane, na nadhani tungepanda zaidi kama fundi asingetapika. Kisha tukapewa ramani na kadi, tukaingia kwenye vilima vya chini ya mlima. Hapo nilianza kuona vitu ninavyovijua. Mwamba uliokaa kama kuku. Mti wa msenda ambao tawi lake lilianguka nikiwa darasa la tano. Kijiji cha mama yangu kilikuwa nyuma ya kilima cha tatu.

Vigingi vitano tulivipata bila shida. Cha sita, cha mwisho, kilikuwa juu ya bonde. Sajini alilaza dira, akanyoosha mkono kuelekea migombani. "Moja kwa moja," akasema. "Dakika kumi."

Nilitazama alikoonyesha. Nilijua kilichoko nyuma ya ile migomba. Kuna mwamba uliokatika, mrefu kama mnara wa kanisa, ambao tulikatazwa kuukaribia utotoni. Kwenye ramani, mistari ilikuwa imebanana hadi imekuwa mmoja, na karatasi ilikuwa imekunjwa hapo hapo. Lakini chini, kushoto, kulikuwa na njia ya chemchemi. Nilikuwa nimeipanda kila asubuhi na mtungi kichwani kwa miaka kumi.

"Afande," nikasema. "Hapana."

Nilisikia neno lenyewe likitoka. Sajini aligeuka, akanitazama kama siku ile ya kiwanja cha ndege.

"Unasema?"

"Hapana, afande. Pale kuna mwamba. Njia iko hapa kushoto, inapanda kwenye chemchemi kisha inazunguka. Ni ndefu lakini inafika."

Alikunjua ramani, akapapasa ile mikunjo kwa kidole gumba. Jasho lilimdondoka kwenye karatasi. Kisha akaikunja, akanikabidhi pamoja na dira, akapisha njia. "Enda mbele," akasema. "Sisi tunafuata."

Nilikimbia mbele ya sajini wangu kwenye njia ya utoto wangu, na sikumbuki kuchoka. Kwenye chemchemi wasichana walikuwa wanateka maji. Mmoja alipiga kelele kwa Lumasaba kwamba binti wa fulani anafukuzwa na askari na Mhindi. Nikamjibu kwa Lumasaba kwamba hanifukuzi mtu, awaambie nyumbani niko salama. Tulipogonga mhuri wa sita tuliwaona vijana wa fulana ng'ambo, wamekwama chini ya ule mwamba, wakibishana.

Tulimaliza wa tatu. Wazungu walikuwa wa kwanza, polisi wa pili. Tulipewa chupa za chai, moja kila mtu, nyekundu zenye maua. Sajini alipiga saluti kupokea yake. Fundi alitikisa yake sikioni kusikia kama kioo cha ndani ni kizima.

Habari ilikuwa imemfikia mama yangu kabla yetu. Tulipofika kwake mchana na pikapu alikuwa amesimama uani, khanga imefungwa kiunoni, tayari kupigana na aliyenifukuza. Niliwatambulisha. Aliwatazama, mmoja kwa urefu, mwingine kwa kilemba, akauliza kwa Lumasaba kama wanakula malewa. Nikawafasiria kwamba ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Wakala sahani mbili mbili. Sajini aliomba ya tatu, na mama, ambaye hakuwahi kumpa askari yeyote chakula kwa hiari yake, alikwenda jikoni akaleta sufuria yote.

Baada ya chakula aliiona baiskeli ya kijani kwenye pikapu.

"Hiyo ya nani?"

"Niliiendesha mimi, mama."

Hakuamini. Ikabidi ishushwe, nikazunguka uwanja mara mbili, kuku wakiruka huku na huku. Mama alisimama mikono kiunoni. Kisha akaja, akaitazama karia ya nyuma, akaipapasa, akaenda ndani akarudi na mto wa kiti. Akauweka juu ya karia, akaketi miguu upande mmoja, akanikamata kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Nipeleke mpaka kwenye kanisa," akasema.

Kubeba mtu hakukuwa kwenye mafunzo ya wiki ile. Nilimtazama fundi, akainua mabega. Sajini alishika kiti nyuma, akasukuma hatua tatu, akaachia. Tuliyumba kulia, tukayumba kushoto, mama akanibana hadi mbavu zikauma, kisha njia ikanyooka na tukawa tunakwenda. Watu walitoka majumbani kuangalia. Mama aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, akinyoosha shingo, bila kuachia kiuno changu, na tulipofika kanisani akaniambia nisisimame.